Bili ya Intaneti ya Biashara Marekani: Si Kila Kinachoitwa Kodi ni Kodi

Umefungua duka la vyakula vya nyumbani Houston, au ofisi ya malori Columbus, au saluni ya kusuka Lexington. Umesaini mkataba wa intaneti wa dola 90 kwa mwezi. Bili ya kwanza inaingia: dola 120 na senti zake. Unapiga simu, unajibiwa, "Hizo ni kodi na ada za kawaida." Usikate simu. Sehemu kubwa ya hizo "kodi" haifiki serikalini. Inabaki kwa kampuni, na pesa inayobaki kwa kampuni inajadilika.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunaponzwa na mazoea. Kenya bili ya intaneti ina VAT ya asilimia 16 na ushuru juu yake. Tanzania Bara VAT ni asilimia 18, na ushuru nao upo. Kwa hiyo mtu akisikia neno kodi, analipa kimya kimya. Marekani ni hadithi nyingine. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1998, Internet Tax Freedom Act, inazuia majimbo na miji kutoza kodi kwenye huduma ya kuunganishwa na intaneti. Mwaka 2016 ilifanywa ya kudumu. Majimbo machache yaliyokuwa yakitoza tangu zamani, Texas na Ohio yakiwemo, yaliachiwa hadi tarehe 30 Juni 2020. Muda huo umekwisha.

Kwa hiyo ukiona mstari wa "Sales Tax" umepigwa juu ya intaneti yenyewe, hapo pana kosa. Dai lirekebishwe.

Sasa chukua bili yako ya mwisho na kalamu mbili za rangi. Rangi moja ni ya mistari inayokwenda serikalini, nyingine ni ya mistari ya kampuni. Usiangalie jumla kwanza. Angalia mstari mmoja mmoja.

Tujaribu na bili ya mfano. Tuseme uko Houston, ambako kodi ya mauzo ni asilimia 8.25. Intaneti, dola 90. Kukodi modemu, dola 15. "Cost Recovery Fee", dola 7.50. "Property Tax Recovery Fee", dola 4.20. Bili ya karatasi, dola 3. "Sales Tax", dola 1.24. Jumla, dola 120.94.

Ongezeko juu ya bei uliyoahidiwa ni dola 30.94. Humo, serikali inapata dola 1.24 tu, kodi ya mauzo ya ile modemu unayokodi. Dola 29.70 zilizobaki ni za kampuni. Kwa mwaka zinafika dola 356.40. Hiyo ndiyo pesa unayoifuata.

Mstari unaowapiga chenga wengi ni ule wa "Property Tax Recovery". Umeandikwa "Tax", na kweli kuna kodi nyuma yake. Kampuni ina nguzo, nyaya, mitambo na majengo. Kaunti inaitoza kampuni kodi ya mali. Kampuni inalipa, kisha inawagawia wateja mzigo huo kama mstari wa peke yake. Lakini hakuna sheria inayokuamuru wewe ulipe kodi ya mali ya nguzo zao. Ni kama mama ntilie akuuzie wali kwa bei ya ubaoni, halafu wakati wa kulipa akuongezee leseni ya banda lake. Gharama ni ya kweli, ila mahali pake ni ndani ya bei ya sahani.

Mstari huo una ndugu zake. Utakutana na "Regulatory Recovery Fee", "Administrative Fee", "Cost Recovery Fee", "Infrastructure Surcharge". Majina yanabadilika kati ya kampuni na kampuni, na wakati mwingine kampuni ile ile inayabadilisha mwaka hadi mwaka. Usijisumbue kuyakariri. Ukiona "Recovery" au "Surcharge", weka rangi ya kampuni mpaka wakuthibitishie vinginevyo.

Na uthibitisho unaombwa kwa swali moja: "Sheria gani inawaamuru mnitoze mimi mteja ada hii?" Uliza hivyo hivyo, usilipambe. Kama ni kodi ya kweli, watakutajia jimbo, mji au kaunti na kiwango chake. Kama ni ada yao, utasikia maneno ya "gharama za uendeshaji" na "kufuata masharti ya udhibiti". Jibu la namna hiyo limeshakuambia ni ya nani. Mwombe aliandike kwenye kumbukumbu za akaunti yako, na wewe andika tarehe, saa na jina lake.

Kama una laini za simu kwenye kifurushi, hesabu inabadilika kidogo. Simu ina tozo zake halali. Ada ya 911 kwa kawaida hutozwa kwa kila laini. Kwa hiyo hesabu laini zako. Biashara nyingi ndogo zinalipia laini ya faksi iliyokufa zamani, pamoja na ada ya 911 ya laini hiyo hiyo. Ifunge.

Simu pia huleta mstari wa "Federal Universal Service Charge". Huu una serikali ndani yake: kampuni za simu huchangia mfuko wa kitaifa wa huduma za mawasiliano, na zinaruhusiwa kuwapitishia wateja mchango huo, lakini bila kuzidisha kiwango kinachotangazwa. Kiwango hutangazwa na FCC, tume ya mawasiliano ya shirikisho, kila robo mwaka, na tangu 2021 kimekuwa kikivuka asilimia 30 mara kwa mara. Hata hivyo hakipigwi kwenye bei yote. Kinapigwa kwenye sehemu ya mawasiliano ya kati ya majimbo na ya nje ya nchi. Kwa simu za intaneti, kampuni isiyotaka kupima inaruhusiwa kuchukulia sehemu hiyo kuwa asilimia 64.9.

Piga hesabu mwenyewe. Laini ya dola 30, mara asilimia 64.9, ni dola 19.47. Kiwango cha robo hiyo kikiwa asilimia 36, mchango ni takriban dola 7. Bili ikikuonyesha dola 11 kwa laini kama hiyo, waombe wakuonyeshe walivyokokotoa. Na kama huna simu kabisa, ni intaneti ya kawaida tu, mstari huo haupaswi kuwepo. Intaneti ya kawaida haichangii mfuko huo. Ila kama umekodi laini maalumu ya kuunganisha ofisi mbili, hiyo ni huduma nyingine na inaweza kuchangia. Uliza kabla ya kugomba.

Hakikisha pia huduma zako zimetenganishwa kwenye bili. Intaneti mstari wake, simu mstari wake, vifaa mstari wake. Vikichanganywa kuwa "kifurushi cha dola 150", kuna hatari kodi ya simu ikapigwa juu ya vyote. Sheria inairuhusu serikali kufanya hivyo pale kampuni inaposhindwa kuonyesha kwenye vitabu vyake sehemu ya intaneti ni ipi. Omba mchanganuo kwa maandishi.

Modemu nayo usiiache. Dola 15 kwa mwezi ni dola 180 kwa mwaka, na kodi ya mauzo juu yake. Uliza kama unaweza kutumia yako. Ukinunua, nunua ile iliyo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na kampuni hiyo, kisha rudisha ya kwao na ushike risiti. Risiti hiyo ifungie mahali salama. Ada ya "kifaa ambacho hakijarudishwa" huja miezi baadaye, wakati kila mtu amesahau. Tangu Desemba 2020 sheria ya shirikisho inakataza kumtoza mtumiaji ada ya kukodi kifaa ambacho kampuni haikumpa. Sheria hiyo iliandikwa ikimlenga mtumiaji wa kawaida, lakini hata kwa biashara inafaa kuitaja mezani.

Bili ya karatasi, hamia ya barua pepe leo hii. Dakika mbili.

Kuhusu malipo ya kiotomatiki nina maoni yangu. Punguzo la "autopay" ni zuri, lichukue. Lakini malipo ya kiotomatiki bila kusoma bili ndiyo mlango wa ada ndogo ndogo. Ada ya dola 3.99 haimshtui mtu anayeona pesa ikitoka yenyewe. Weka kikumbusho kwenye simu siku tatu kabla ya tarehe ya kukatwa. Fungua bili, linganisha na ya mwezi uliopita mstari kwa mstari. Soma na yale maandishi madogo ya chini au ya ukurasa wa mwisho, maana taarifa ya ada kupanda huwekwa hapo. Mikataba mingine inakupa siku chache tu za kukataa badiliko baada ya taarifa hiyo.

Sasa simu yenyewe. Kabla hujapiga, weka mezani vitu vitatu: mkataba, bili ya kwanza na bili ya sasa. Tafuta kwenye mkataba neno "surcharge". Kifungu chake mara nyingi kinasema kampuni inaweza kuongeza au kubadilisha ada wakati wowote, na ile ahadi ya bei isiyopanda inahusu bei ya msingi peke yake. Kisome mapema ili wasikushtue nacho. Tafuta pia mwisho wa kupinga bili. Mikataba mingi ya biashara ina muda wake, na ukipita unahesabiwa umekubali. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda.

Ukipiga, nenda taratibu na kwa adabu. Sema umeahidiwa bei gani, na nani, lini. Taja ada moja moja kwa jina lake lilivyoandikwa. Usiseme "bili iko juu sana", maana hiyo haina jibu. Sema, "Nataka ada hii ya dola 7.50 iondolewe, na nirudishiwe ya miezi sita." Mara nyingi mtu wa kwanza hana uwezo wa kuondoa ada, lakini ana uwezo wa kukupa punguzo la kiasi kile kile. Lipokee. Ukipunguziwa dola 10 kila mwezi kwa miezi 12, haikuhusu wameliandikaje. Ila hakikisha unajua mwezi litakapokwisha.

Akikwambia hawezi, omba uhamishiwe kwa wanaoshughulikia wateja wanaotaka kuhama. Hao ndio wenye ufunguo. Uwe na bei ya kampuni nyingine mkononi, ya kweli, ya mtaa wako. Kama mtaani pana kampuni moja tu yenye waya, uliza bei ya intaneti ya 5G ya ofisini. Si lazima uhame. Inatosha wajue unaweza.

Kama Kiingereza cha simu kinakuchosha, uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili. Kampuni kubwa nyingi hutumia wakalimani wa kwenye simu. Usimwachie kijana wako wa sekondari azungumzie mkataba wa biashara yako.

Baada ya simu, andika barua pepe siku hiyo hiyo. Mistari mitano inatosha: namba ya akaunti, ada unayopinga, kiasi, sababu, unachotaka. Ambatanisha mkataba. Simu bila maandishi haina shahidi.

Hapa kuna mtego. Usigome kulipa bili nzima. Lipa sehemu usiyoipinga kwa wakati, na ueleze kwa maandishi sehemu gani unaipinga na kwa nini. Ukigoma yote, utaongezewa ada ya kuchelewa, intaneti inaweza kukatwa, na mashine ya kadi dukani itanyamaza Jumamosi mchana wateja wakiwa kwenye foleni. Na usivunje mkataba kwa hasira. Adhabu ya kutoka mapema kwenye mkataba wa biashara inaweza kuwa pesa ya miezi yote iliyobaki. Uliza kiasi chake kwa maandishi kwanza.

Wakikupuuza, nenda FCC. Malalamiko ya kawaida hayana ada. Unajaza kwenye tovuti yao ya consumercomplaints.fcc.gov au unapiga 1-888-225-5322. FCC huipelekea kampuni malalamiko yako, na kampuni hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Haya malalamiko huangukia kwenye dawati tofauti na lile la simu za wateja, la watu wenye mamlaka zaidi. Mara nyingi suala lililozungushwa kwa miezi humalizika hapo.

Mlango wa pili ni ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako. Usidhani hawajali ada za dola tatu nne. Desemba 2019 kampuni ya CenturyLink ilikubali kulipa dola milioni 6.1 kumaliza shauri la Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, lililohusu ada ambazo wateja hawakuelezwa ipasavyo wakati wa kununua. Mwezi huo huo Colorado nayo ilimalizana na kampuni hiyo kwa zaidi ya dola milioni 8. Mashauri kama hayo hujengwa kwa malalamiko ya watu wenye bili mkononi.

Ila ujue tofauti moja. Sheria nyingi za bei ya wazi zinamlinda mtu anayenunua kwa matumizi ya nyumbani. Ile ya California iliyoanza Julai 2024 iko hivyo. Ukisaini kama kampuni, ulinzi wako mkubwa ni mkataba wako. Ndiyo maana vita yenyewe inapiganwa kabla ya kusaini.

Ukiwa unatafuta intaneti mpya, anza na lebo. Tangu Aprili 2024 kampuni kubwa, na tangu Oktoba 2024 kampuni ndogo, zinatakiwa kuonyesha lebo ya huduma ya intaneti, inayofanana na ile ya virutubisho kwenye pakiti za chakula. Inaonyesha bei ya mwezi, ada za kampuni za kila mwezi, ada za mara moja na gharama ya kuvunja mkataba. Vifurushi vya biashara ndogo vinavyouzwa kwa kila mtu vimo. Mikataba mikubwa inayojadiliwa mmoja mmoja haimo. Piga picha ya lebo siku unayonunua. Mwishoni mwa 2025 FCC ilianza mchakato wa kupunguza baadhi ya masharti ya lebo hizo, yakiwemo ya kuorodhesha ada moja moja, kwa hiyo picha uliyopiga ni mali yako.

Kisha mwambie muuzaji akutumie mfano wa bili ya kwanza kamili, yenye kila mstari. Si bei, bili. Atasema hawezi, kwa kuwa kodi hutofautiana kwa anwani. Mpe anwani.

Halafu omba sentensi moja iingie kwenye mkataba: kwamba bei ya mwezi inajumuisha ada zote za kampuni, na kitakachoongezwa juu yake ni kodi tu ambazo sheria inaamuru zikusanywe kutoka kwa mteja. Kwa kifurushi cha dola 90 huenda wakakataa. Basi waombe waandike kiwango cha juu cha ada hizo kwa muda wote wa mkataba. Wakikataa na hilo, omba mkataba wa mwaka mmoja badala ya mitatu, au wa mwezi kwa mwezi. Muuzaji anayekwambia "usijali, ni dola chache tu" mwombe aziandike hizo dola chache kwenye barua pepe. Mara nyingi hapo sauti hubadilika.

Angalia pia kifungu cha mkataba kujirudia wenyewe. Mikataba mingi ya biashara hujirudia ikiisha, na ili utoke lazima utoe taarifa siku kadhaa kabla. Weka tarehe hiyo kwenye simu siku ile ile unayosaini. Ukiikosa, umefungwa tena na ada zile zile.

Kama ni kanisa, msikiti au shirika lisilo la faida, wasilisha cheti cha msamaha wa kodi ya mauzo kama jimbo lenu linautoa. Kitaondoa mistari ya kodi ya mauzo. Hakitagusa ada za kampuni, na usikubali kuambiwa kwamba ndiyo ziko hivyo. Zile mnazijadili kama mteja mwingine yeyote.

Na mtu asikutulize kwa "utaikata kwenye kodi ya mwaka". Ni kweli intaneti ya biashara ni gharama halali, pamoja na ada zake, na mhasibu wako ataiweka kwenye Schedule C au fomu inayokuhusu. Lakini kukata gharama kunapunguza faida inayotozwa kodi tu. Dola 356 za ada hazirudi kuwa dola 356. Inarudi sehemu ndogo, nyingine imekwenda.

Ukishinda, usijisahau. Ada iliyoondolewa ina tabia ya kurudi baada ya bili mbili tatu, hasa kampuni inapohamisha mfumo au unapobadilisha kasi. Hifadhi ile barua pepe ya makubaliano. Ikirudi, huanzi upya: unaijibu barua ile ile na kuambatanisha bili mpya.

Bili yako ya mwezi huu iko kwenye barua pepe sasa hivi. Ifungue kabla hujafunga duka leo, tafuta "Recovery", na uone ni kiasi gani.